Kinga ya Rais na Kosa la Kukwamisha Bunge: Hukumu Mbili za Mahakama ya Juu ya Marekani

Katiba ya Marekani haisemi popote kwamba rais ana kinga ya kutoshtakiwa. Wabunge wametajiwa kinga yao: ibara ya kwanza inakataza wasihojiwe mahali pengine kwa yale wanayosema bungeni. Kuhusu rais, maandishi ya mwaka 1787 yanasema tu kwamba Bunge linaweza kumwondoa madarakani, na kwamba anayeondolewa kwa njia hiyo bado anaweza kushtakiwa, kuhukumiwa na kuadhibiwa kwa mujibu wa sheria. Baada ya hapo ni kimya. Kinga aliyonayo rais wa nchi hiyo leo imetoka mikononi mwa majaji, kesi baada ya kesi, na sehemu yake kubwa kuliko zote ilitolewa tarehe 1 Julai 2024 katika kesi ya Trump dhidi ya Marekani. Siku tatu kabla yake, tarehe 28 Juni, mahakama hiyohiyo ilikuwa imelipunguza kosa la kukwamisha shughuli rasmi za dola, kosa lililobeba uzito mkubwa katika mashtaka ya vurugu za tarehe 6 Januari 2021. Hukumu hizo mbili hazieleweki vizuri zikitenganishwa. Moja ilihusu ni tendo gani linalohesabika kuwa kosa, nyingine ikahusu nani anaweza kupandishwa kizimbani kwa kosa hilo.

Mvutano kati ya rais na sheria ya jinai ulipata sura yake ya kisasa wakati wa Richard Nixon. Juni 1972 watu watano walikamatwa usiku ndani ya ofisi za chama cha Democratic katika jengo la Watergate mjini Washington. Siku sita baadaye, tarehe 23 Juni, Nixon alikubaliana na mkuu wa watumishi wa Ikulu kwamba shirika la ujasusi la CIA litumiwe kuwazuia wapelelezi wa FBI wasiifuatilie kesi hiyo. Mazungumzo yao yalinaswa na vinasa sauti ambavyo Nixon mwenyewe aliagiza vitegwe ofisini kwake. Mwendesha mashtaka maalumu alipozidai kanda, rais alikataa, akisema mazungumzo ya Ikulu ni siri ya Ikulu. Tarehe 24 Julai 1974 majaji wanane waliosikiliza kesi walikubaliana kwa kauli moja kwamba usiri huo upo, lakini hauwezi kuufunika ushahidi unaohitajika katika kesi ya jinai. Aliyeandika hukumu hiyo ni Jaji Mkuu Warren Burger, na aliyemteua Burger ni Nixon. Kanda ilitoka hadharani, na tarehe 9 Agosti rais akaondoka madarakani kwa kujiuzulu.

Mwezi mmoja baadaye mrithi wake, Gerald Ford, alimsamehe makosa yote aliyoyatenda au aliyoweza kuwa ameyatenda akiwa rais. Msamaha huo ulipata maana mpya miaka 50 baadaye, kwa sababu hakuna haja ya kumsamehe mtu asiyeweza kushtakiwa. Ford aliutoa na Nixon akaupokea kwa kuwa wote wawili waliamini kuwa kesi ingeweza kufunguliwa.

Swali la rais ambaye bado yuko madarakani lilijibiwa kwa njia nyingine, na jibu halikutoka mahakamani. Mwaka 1973 ofisi ya ushauri wa kisheria ya Wizara ya Sheria iliandika waraka uliosema kwamba rais aliyeko madarakani hawezi kufunguliwa mashtaka ya jinai, kwa kuwa kesi ingemfanya ashindwe kutekeleza kazi zake. Waraka huo ulirudiwa na kuthibitishwa mwaka 2000. Si sheria iliyopitishwa na Bunge wala hukumu ya jaji yeyote, lakini waendesha mashtaka wa serikali kuu wanaufuata kana kwamba ni amri. Mwendesha mashtaka maalumu Robert Mueller aliufuata mwaka 2019. Sehemu ya pili ya ripoti yake ilichambua matukio yapatayo kumi ambayo Rais Donald Trump alidaiwa kujaribu kuuzuia upelelezi kuhusu Urusi kuingilia uchaguzi wa Marekani, kisha ikasema kwamba haimtii hatiani wala haimsafishi. Wasomaji wengi waliona ajabu ya ripoti ndefu kiasi hicho isiyo na hitimisho. Ajabu hiyo ilizaliwa na waraka wa 1973.

Katika kesi za madai, mahakama ilikuwa imeshaweka mipaka miwili. Wa kwanza ulitokana na A. Ernest Fitzgerald, mchambuzi wa gharama katika jeshi la anga, aliyelieleza Bunge mwaka 1968 jinsi gharama za ndege ya mizigo ya C-5A zilivyopanda kupita makadirio, kisha akapoteza kazi. Alimshtaki Nixon akidai fidia. Mwaka 1982, kwa kura tano dhidi ya nne, majaji waliamua kwamba rais, hata akiwa amestaafu, hawezi kudaiwa fidia kwa jambo lolote alilolifanya ndani ya mpaka wa nje kabisa wa kazi zake. Mpaka wa pili uliwekwa mwaka 1997, katika kesi ya madai ya unyanyasaji wa kijinsia dhidi ya Bill Clinton kwa mambo yaliyosemekana kutokea alipokuwa gavana wa Arkansas. Safari hii majaji wote tisa walisema kwamba mambo binafsi ya rais hayana kinga, hata akiwa bado Ikulu. Walitabiri kuwa kesi hiyo haingemchukulia muda mwingi. Utabiri huo ulipotoka vibaya: ushahidi wa kiapo alioutoa Clinton katika kesi hiyo ndio uliozaa tuhuma za kusema uongo chini ya kiapo na kuzuia haki kutendeka, Baraza la Wawakilishi likampigia kura ya kumshtaki Desemba 1998, na Seneti ikamwachia Februari 1999.

Hadi hapo hakuna rais wa zamani aliyekuwa amewahi kushtakiwa kwa jinai, kwa hiyo majaji hawakulazimika kusema kama kinga ya kesi ya Fitzgerald inavuka kutoka madai kwenda jinai. Tarehe 6 Januari 2021 ndiyo iliyowalazimisha.

Siku hiyo Bunge lilikuwa limeketi kuhesabu kura za wajumbe wa uchaguzi, ambazo Joe Biden alikuwa amezipata 306 dhidi ya 232 za Trump. Umati uliotoka kwenye mkutano wa Trump uliandamana hadi jengo la Capitol, ukavunja madirisha na milango, na wabunge wakakimbizwa. Kuhesabu kura kulisimama kwa saa kadhaa na kumalizika usiku wa kuamkia tarehe 7. Katika miaka iliyofuata zaidi ya watu 1,500 walishtakiwa. Wengi walikabiliwa na makosa ya kawaida kama kuingia eneo lililokatazwa, na wengine kushambulia polisi. Lakini waendesha mashtaka walitaka pia kosa linaloeleza kiini cha siku yenyewe, yaani kulizuia Bunge lisithibitishe ushindi wa rais mpya, na wakalikuta katika sheria iliyotungwa kwa sababu tofauti kabisa.

Sheria hiyo ni ya mwaka 2002, baada ya kampuni ya nishati ya Enron kuanguka. Wakaguzi wake wa hesabu, kampuni ya Arthur Andersen, walichana mafungu ya nyaraka wakijua wapelelezi wako njiani, na sheria za wakati huo zilikuwa na pengo: zilimwadhibu anayemshawishi mwenzake aharibu nyaraka kwa uwazi zaidi kuliko anayeziharibu mwenyewe. Bunge likaziba pengo hilo kwa kifungu chenye sehemu mbili. Ya kwanza inamtia hatiani yeyote ambaye, kwa nia ovu, anabadilisha, anaharibu au anaficha kumbukumbu, hati au kitu kingine ili kisitumike katika shughuli rasmi. Ya pili inamtia hatiani anayeikwamisha, anayeishawishi au anayeizuia shughuli rasmi kwa njia nyingine. Adhabu yake inafikia kifungo cha miaka 20. Mamia ya washtakiwa wa Januari 6, wapatao 350, walishtakiwa chini ya sehemu hiyo ya pili.

Mmoja wao, Fischer, aliyekuwa polisi katika jimbo la Pennsylvania, alipinga shtaka hilo. Jaji wa mahakama ya mwanzo alikubaliana naye, mahakama ya rufaa ikakataa, na Mahakama ya Juu ikampa ushindi kwa kura sita dhidi ya tatu. Jaji Mkuu John Roberts alieleza kwamba maneno mapana yanayokuja mwishoni mwa orodha yanabanwa na vitu vilivyotangulia. Mfano wake ulikuwa bango la bustani ya wanyama linalokataza kuwapapasa wanyama, kuwalisha, kuwapigia kelele au kuwasumbua kwa njia nyingine: mtu anayekula chakula chake mbele ya sokwe mwenye njaa huenda anamsumbua, lakini hakuna anayefikiri amevunja sheria ya bango. Vivyo hivyo, alisema, kukwamisha shughuli kwa njia nyingine maana yake ni kuharibu au kujaribu kuharibu upatikanaji au uhalisi wa hati, kumbukumbu na vitu vingine vinavyotumika katika shughuli hiyo. Sheria ikisomwa kwa upana ambao serikali iliutaka, hata mwanaharakati au mshawishi wa wabunge angeweza kutishiwa miaka 20 jela.

Kura za siku hiyo hazikufuata mstari ambao wengi wanautarajia. Ketanji Brown Jackson, aliyeteuliwa na Biden, aliungana na walio wengi. Amy Coney Barrett, aliyeteuliwa na Trump, aliandika maoni ya kupinga, akiungwa mkono na Sonia Sotomayor na Elena Kagan. Hoja ya Barrett ilikuwa nyepesi kueleza na ngumu kujibu: Bunge liliandika maneno mapana, shughuli ya Januari 6 ilikuwa rasmi, umati uliikwamisha, na kwamba Bunge halikuwahi kufikiria tukio kama hilo si sababu ya kuyapunguza maneno yake. Kwa wanaojua jinsi majaji wa kihafidhina wa Marekani wanavyosifia kufuata maandishi ya sheria yalivyo, Barrett siku hiyo ndiye aliyekuwa mwaminifu zaidi kwa mafundisho hayo.

Athari za hukumu ya Fischer zilikuwa ndogo kuliko kelele zake. Wizara ya Sheria ilisema hakuna mshtakiwa wa Januari 6 aliyekuwa na shtaka hilo peke yake. Wengine walipunguziwa adhabu, wengine wakafutiwa shtaka hilo na kubaki na mengine. Swali zito lilikuwa juu ya Trump mwenyewe, kwa sababu mashtaka mawili kati ya manne aliyofunguliwa tarehe 1 Agosti 2023 na mwendesha mashtaka maalumu Jack Smith yalitoka kwenye kifungu hichohicho: kula njama za kukwamisha shughuli rasmi, na kuikwamisha au kujaribu kuikwamisha. Mengine mawili yalikuwa njama za kuilaghai dola na njama dhidi ya haki ya wananchi ya kupiga kura na kura zao kuhesabiwa. Smith alikuwa na jibu ambalo mshtakiwa wa kawaida wa Januari 6 hakuwa nalo wala asingelitaka. Trump alidaiwa kushiriki mpango wa kuandaa vyeti vya uongo vya wajumbe wa uchaguzi katika majimbo saba, na cheti cha uongo ni hati. Hata Fischer isingemwokoa kirahisi.

Kilichomwokoa kilikuja siku tatu baadaye.

Hoja ya Trump kwamba ana kinga ilikuwa imekataliwa mara mbili. Jaji Tanya Chutkan aliikataa Desemba 2023, na majaji watatu wa rufaa wakaikataa kwa kauli moja Februari 2024. Katika usikilizaji wa rufaa, Jaji Florence Pan alimuuliza wakili wa Trump kama rais aliyeamuru makomandoo wamuue mpinzani wake wa kisiasa angeweza kushtakiwa. Wakili alijibu kwamba angeweza, ila baada ya kwanza kuondolewa na Bunge. Jibu hilo lilizunguka dunia nzima, na wengi walidhani limeizika hoja yenyewe.

Mahakama ya Juu iliona vingine. Kwa kura sita dhidi ya tatu, Roberts aliyagawa matendo ya rais katika mafungu matatu. La kwanza ni mamlaka ambayo Katiba imempa yeye peke yake, kama kutoa msamaha au kumwondoa kazini afisa mwandamizi wa serikali; huko kinga ni kamili. La pili ni matendo mengine yote rasmi hadi mpaka wa nje wa kazi zake, maneno yaliyoazimwa moja kwa moja kutoka kesi ya Fitzgerald. Hapo kinga inachukuliwa kuwepo, mpaka mwendesha mashtaka athibitishe kwamba kesi haitahatarisha kwa namna yoyote utendaji wa mamlaka ya urais. La tatu ni mambo binafsi, ambayo hayana kinga kabisa. Sababu kubwa aliyoitoa ni kwamba waasisi walitaka rais mwenye nguvu na asiyesitasita. Rais anayejua kuwa mrithi wake anaweza kumfunga ataogopa kuamua, na kila serikali itaishia kuishtaki iliyopita.

Mafungu hayo matatu ndiyo yaliyosomwa sana magazetini. Lakini uzito wa hukumu uko zaidi katika kanuni mbili zilizowekwa pembeni yake. Ya kwanza inasema kwamba, katika kutenganisha tendo rasmi na tendo binafsi, mahakama haziruhusiwi kuuliza rais alikuwa na nia gani. Ya pili inasema kwamba matendo yenye kinga hayawezi kutumika hata kama ushahidi wa kuthibitisha kosa jingine lisilo na kinga.

Hapo ndipo hukumu hiyo inapogongana na kosa lenyewe. Kukwamisha upelelezi au shughuli ya Bunge ni kosa linaloishi kwa nia. Kumfukuza kazi mpelelezi ni utawala wa kawaida. Kumfukuza ili asimfikie rafiki yako ndiyo jinai, na kinachotenganisha hayo mawili ni nia ovu inayotajwa na sheria. Ukikatazwa kuuliza nia, matendo hayo mawili yanafanana kabisa, na yote yanaonekana rasmi. Roberts alikwenda mbali zaidi, akasema mazungumzo ya rais na maafisa wa Wizara ya Sheria kuhusu upelelezi na mashtaka yako chini ya kinga kamili, hata pale hati ya mashtaka ilipodai kwamba upelelezi ulioombwa ulikuwa wa kisingizio. Kwa kipimo hicho, mazungumzo ya Nixon ya tarehe 23 Juni 1972, rais akiagiza wakala mmoja wa serikali uuzuie mwingine, yangekuwa vigumu mno kuyafikisha mahakamani. Kanda iliyomwangusha mwaka 1974 huenda isingeruhusiwa hata kusikilizwa na baraza la mahakama.

Barrett alikubaliana na wenzake kwa sehemu kubwa, lakini kanuni ya ushahidi ilimshinda. Alitoa mfano wa rushwa: rais akipokea fedha ili afanye tendo rasmi, baraza la mahakama litaelewaje kesi hiyo bila kuonyeshwa tendo lenyewe? Roberts alimjibu katika tanbihi kwamba mwendesha mashtaka anaweza kutaja kumbukumbu za wazi kuonyesha kuwa tendo hilo lilifanyika, bila kuleta ushahidi wa kilichomsukuma rais. Sotomayor, akiungwa mkono na Kagan na Jackson, aliandika kwamba hukumu hiyo imemfanya rais kuwa mfalme aliye juu ya sheria, na akaurudia mfano wa makomandoo kama jambo ambalo sasa lina kinga. Roberts aliwaambia kwamba hofu yao imepita kiasi, ila hakueleza kwa kina ni wapi hasa mfano huo unakosea. Pengo hilo ndilo udhaifu mkubwa wa maoni ya walio wengi.

Juu ya hati ya mashtaka ya Trump, maamuzi yalikuwa ya vipande vipande. Mashinikizo kwa Wizara ya Sheria yalitoka moja kwa moja. Mashinikizo kwa Makamu wa Rais Mike Pence, aliyeongoza kikao cha Januari 6, yaliwekewa kinga ya kuchukuliwa kuwepo. Simu kwa maafisa wa majimbo, mpango wa vyeti vya uongo na hotuba ya siku ile vilirudishwa kwa Jaji Chutkan avipime kimoja kimoja. Tarehe 27 Agosti 2024 Smith alileta hati mpya ya kurasa 36 badala ya 45, yenye mashtaka yaleyale manne lakini bila sehemu ya Wizara ya Sheria, ikisisitiza kwamba Trump alitenda kama mgombea.

Upimaji haukufika mwisho. Trump alishinda uchaguzi tarehe 5 Novemba 2024, waraka wa 1973 ukaanza kufanya kazi upya, na tarehe 25 Novemba Smith aliomba kesi ifutwe. Chutkan aliifuta siku hiyohiyo bila kuzuia ifunguliwe tena. Siku ya kuapishwa kwake, tarehe 20 Januari 2025, Trump aliwasamehe washtakiwa wapatao 1,500 wa Januari 6 na kupunguza vifungo vya wengine 14. Kwa wale walioshtakiwa kwa kukwamisha Bunge, hoja ya Fischer ikawa haina tena kazi.

Msomaji wa Afrika Mashariki anaweza kuiona Marekani imechelewa kufika mahali ambapo katiba za huku zimeanzia. Ibara ya 46 ya Katiba ya Tanzania inakataza mashtaka ya jinai dhidi ya Rais aliyeko madarakani, na hata baada ya kuondoka inamlinda kwa aliyoyafanya kama Rais, isipokuwa kama Bunge ndilo lililomwondoa. Ibara ya 143 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ina masharti mengine: kesi ya jinai inasubiri hadi rais amalize muda wake, muda huo hauhesabiwi katika ukomo wa kufungua mashtaka, na makosa ambayo mikataba ya kimataifa inakataza yasipewe kinga hayamo. Mtu anaweza kuipenda au kuichukia ibara yoyote kati ya hizo, lakini imeandikwa, na anayetaka kuibadilisha anajua aanzie wapi.

Marekani njia ziko mbili. Mahakama ya Juu yenyewe inaweza kubadili msimamo wake, au Katiba irekebishwe kwa theluthi mbili ya kila baraza la Bunge na kuidhinishwa na majimbo 38 kati ya 50. Mwishoni mwa Julai 2024 Biden alipendekeza marekebisho ya kumwondolea rais kinga hiyo. Hayakupita bungeni, na kwa hiyo kanuni za tarehe 1 Julai 2024 zinamlinda kila rais anayekuja, wa chama chochote.